Mkasi wa Mheshimiwa na Nikaha ya Raya

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na kisiwa kiitwacho Ukunguni. Mimi nilikuwepo, tena kiti cha mbele. Niliishia darasa la sita, lakini darasa la sita la enzi zile, kwa hiyo nisikilizeni kwa adabu.

Mtandao wa Ukunguni, simu na intaneti, wote ulitegemea dishi moja la satelaiti lililokaa juu ya paa la Sheha, mkuu wa kijiji chetu, kama sufuria iliyopinduka. Ukitumiwa picha ya mtu, kichwa kinafika Jumatatu, miguu Ijumaa. Daktari wetu akituma picha ya mfupa uliovunjika ili wakubwa wa hospitali kuu waitazame, jibu linarudi mgonjwa ameshaanza kucheza mpira, mguu umepinda.

Basi serikali ikalaza waya chini ya bahari, kutoka ng'ambo mpaka kwetu. Ulipopanda ufukweni, uzi wake wa kioo, mwembamba kuliko ugwe wa kuvulia, ukafukiwa ardhini hadi kwenye ukumbi wa kijiji. Injinia Haroub akaujaribu, ukakubali. Daktari akazungumza na hospitali kuu uso kwa uso, mpaka akaona wanakunywa chai. Tukashangilia.

Aliyeshangilia kuliko wote ni Raya binti Shaame. Mchumba wake, Khelef, alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo, na meli ilikuwa bandarini huko ng'ambo siku ile tu ambayo Waziri angekuja kuufungua waya rasmi. Ikiondoka, mpaka ifike bandari nyingine mtu ameota mvi. Na baba mdogo wa Khelef, Bwana Makame, ndiye aliyemlea, na kijana hamkatalii neno. Bwana Makame alishasema: "Mkifunga nikaha leo kwa huo waya wenu, mimi sina kinyongo. Leo ikipita, Khelef anamwoa mwanangu."

Nikaha ingeweza kufungwa asubuhi, ikaisha, tukala biriani. Lakini baba yake Raya, Bwana Shaame, akakataa katakata. "Mwanangu aozwe kimyakimya wakati Waziri anakuja? Tumngoje! Shahidi awe Mheshimiwa!"

Sheha Faki naye akautazama mchanga uliofukia waya, akashika kiuno. "Mgeni rasmi atafungua nini hapa? Mchanga?"

Akaita vijana, wakaufukua ule uzi, wakaunyanyua juu ya vijiti viwili, yeye mwenyewe akauzungushia utepe mwekundu. Halafu akalishusha dishi lake na kulivunjavunja. "Litatutia aibu kwenye picha," alisema.

Mheshimiwa akaja. Akahutubia mpaka watoto wakalala, wakaamka, wakalala tena. Kisha Khelef akatokea kwenye kioo kikubwa cha televisheni, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, anang'aa. Watu: "Lo! Utadhani yuko hapa!" Bwana Shaame akamnong'oneza Waziri: "Mheshimiwa, kata utepe pale anapojibu 'nimekubali', picha niitundike sebuleni."

Akashika kipaza sauti. "Khelef, nimekuozesha binti yangu Raya kwa mahari mliyokubaliana."

Khelef akafungua mdomo. Mheshimiwa akafunga mkasi. Khelef akabaki vile vile, mdomo wazi kama yuko kwa daktari wa meno. Halafu giza.

Matarumbeta yakalia! Makofi! Vigelegele!

Raya akatoka alikokuwa amefichwa, hina haijakauka. "Amejibu?"

Injinia akamwonyesha ncha mbili za uzi.

"Injinia, unga!"

"Mashine ya kuungia iko mjini, dada. Ni boti ya kesho."

Bwana Makame hakuinuka kitini. "Mie sina roho mbaya," akasema. "Nitaingoja meli mpaka bandari nyingine. Ila mwenye kosa aje hapa mbele ya watu aseme, ni mimi, niwie radhi. Mtu mmoja, si kamati. Asipokuja kabla ya Magharibi, basi."

Mheshimiwa akacheka. "Mimi nimepewa mkasi, nimeonyeshwa utepe, nimekata. Maisha yangu yote nakata tepe, sijakuta hata mmoja wenye kitu ndani! Muulizeni Sheha."

"Nimefukua, sikatai," akasema Sheha. "Lakini nimeacha ncha ndefu ya utepe mtupu pembeni, ndipo pa kukata. Mheshimiwa kaingia katikati. Na huyu mtaalamu wetu kanitazama nikifunga, kimya kama maji ya mtungi!"

Injinia Haroub akatazama chini. "Niliona. Nikanyanyua mkono. Mlinzi wa Waziri akanitolea macho, nikaishia kujikuna kichwa. Nimkatize Waziri mbele ya kamera, kesho nile wapi? Na nikaha ingepita asubuhi, waya ungekatika watu wameshaoana."

Wote wakamgeukia Bwana Shaame.

"Mimi?" akafoka. "Mimi sikufukua, sikukata, sikunyamaza! Baba kumtakia mwanawe shahidi wa heshima, hilo nalo kosa?"

"Na nyinyi," Raya akatugeukia, "mliopiga vigelegele waya unakatika?"

Tukatazama viatu vyetu. Vyangu vilikuwa vipya.

Mheshimiwa akaahidi kuunda tume, na tume ikiwa tayari atakuja kuizindua. Akapanda boti? Hakupanda. Raya alikuwa amesimama kwenye ngazi ya boti, mkasi mkononi, utepe umening'inia.

"Nitajieni mmoja tu," akasema. "Nitamsindikiza mwenyewe mpaka kwa Bwana Makame."

Muadhini akapanda kuadhini Magharibi, akaanza kukohoa kusafisha koo. Waziri akamtazama Sheha. Sheha akamtazama Injinia. Injinia akamtazama baba. Baba akatutazama sisi.

Haya, nyinyi mnaojifanya mnajua kuamua kesi za watu, semeni upesi, muadhini keshamaliza kukohoa: je, nani alistahili kwenda?