Jina la Nyamizi

"Jina langu halikuiba kitu, Daktari! Kwa nini mnalificha?"

"Nalificha ili nikulinde, Bi Nyamizi."

"Unanilinda na nani? Shamba limekwenda huku unanilinda!"

Hapo zamani, tena zamani za karibu tu, wanawake watatu waligombania jina moja, na jina lenyewe lilikuwa la mmoja wao. Sikilizeni, maana hukumu nitawaachia ninyi.

Nyamizi alikuwa Mnyamwezi aliyeolewa Uzaramo. Mumewe alipofariki, shemeji yake Kibwana alilitwaa shamba walilolima pamoja. "Mwanamke harithi," alisema, "na Mnyamwezi ndiyo kabisa."

Ndipo kikaja kikundi cha utafiti kutoka chuo kikuu, kikiongozwa na Daktari Bupe. Kilichunguza jinsi watu wanavyonyimwa haki kwa sababu ya jinsia, umaskini au kabila. Wakaketi uani, wanawake wakimenya mihogo, wakasikia mmoja akisema, "We Mnyamwezi, mpagazi, kabebe mizigo ya watu!" Nyamizi akajibu, "Na wewe Mzaramo, ngoma ikilia unamsahau mtoto jikoni!"

Wanakikundi wakaandika: chuki ya makabila.

Mwanahawa, mwanafunzi wao, Mzaramo, akacheka mpaka akashika mbavu. "Daktari, hawa ni watani! Mtani hata msibani anakucheka, na kukasirika huruhusiwi. Au siyo, mpagazi wangu?"

"Ndiyo, mcheza ngoma wangu," Nyamizi akasema, wakagongana viganja. Kisha kicheko kikamkauka. "Hata Kibwana alikuwa akinitania kila nikipita. Siku alipoacha, akaanza kuniamkia kwa adabu, nikajua shamba limekwenda."

Neno hilo likawafungua wajane wengine pale uani. Nao wakasema yao, ila kwa sharti wasitajwe. Mwanahawa akawaapia.

Kikundi kikaandika kitabu, kikakileta kwanza kijijini kisomwe kabla ya kuchapwa. Nyamizi humo aliitwa "mjane mmoja". Shauri la shamba lilipofika baraza la kijiji, Nyamizi akakitoa kitabu kuwa ushahidi, Kibwana akacheka mbele ya wote. "Mjane gani? Wasomi wametunga!"

Nyamizi akasimama. "Ni mimi!"

"Kitabu kimesema ni wewe?"

Baraza likaahirisha shauri, kwa kuwa jina halimo. Nyamizi akafunga safari hadi chuoni, na huko ndiko mlikowakuta wakigombana.

Daktari Bupe akasema: "Wakubwa wa chuo wanatutafutia sababu. Wanasema kusoma mambo ya jinsia na kabila ni kuchochea watu. Wameninyima cheo, sikukiacha kikundi. Kanuni yetu ni kumficha msimulizi. Nikiivunja, watakifunga kikundi kesho. Wajane wa vijiji vingine watamwambia nani? Kazi hii nimeilea mimi. Neno la mwisho ni langu."

Mwanahawa akasema: "Mimi niliapa. Jina lako likitoka, kijiji kizima kitajua nani walikuwa uani pamoja nawe. Kuna anayelala mpaka leo katika nyumba ya shemeji yake. Akifukuzwa, nimemfukuza mimi. Nitukane utakavyo, mpagazi wangu, lakini kiapo ni changu."

"Leo sitanii," Nyamizi akasema. "Kibwana alininyang'anya shamba mchana kweupe, jina lake likijulikana, na la babu yake. Mimi niliyenyang'anywa ndimi nijifiche? Mlikuja mkisema mnatafuta sauti ya mwanamke. Sauti mmeichukua, mwenyewe mmemwacha nje! Kibwana kaninyima kwa kuwa ni mwanamke, kaninyima kwa kuwa ni Mnyamwezi. Nanyi mnaninyima kwa kuwa mnanihurumia. Kunyimwa ni kunyimwa!"

Mwanahawa alikuwa akilia, lakini hakulegeza neno lake.

Nyamizi akajitanda khanga, akaufungua mlango. Kumbe ukumbini wanafunzi wamejaa, kelele zimewavuta. Hakuinamisha uso. Alisimama pale kizingitini, akawatazama mmoja mmoja, akasema:

"Huruma yenu sitaki, nataka jibu. Yule amekilea kikundi, huyu ameapa, mimi nimenyang'anywa. Haya, semeni: jina langu liko mikononi mwa nani?"