Somo wa Binti wa Mwanakheri

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, kadi za bima zilikwishakuwepo na mashine za kuzikataa zilikwishakuwepo, aliishi katika mji wa Magengeni mwanamke aitwaye Mwanakheri. Sogeeni. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole, maana kesi hii mtaiamua nyinyi.

Mwanakheri alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mtoto tumboni alikuwa amelala kimkingamo. Mkunga wa zahanati akampapasa, akampapasa tena, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, huyu kanishinda. Anataka daktari bingwa wa akina mama, tena kabla uchungu haujaanza. Na habari ya kwenda mkoani usiniambie, barabara ile si ya kupita na tumbo hilo. Tafuta hapa hapa."

Mwanakheri akatoka ameshika tumbo kwa mikono miwili. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Mumewe, Shebe, alikuwa mpishi wa shule ya bweni ya serikali, na kila mshahara wake ulikatwa bima ya afya. Kadi ilikuwepo, inang'aa, haijawahi kutumika. "Mbona rahisi hili," akasema Shebe. Wakaenda hospitali ya kwanza: daktari yupo, bima haipokelewi. Wakaenda ya pili: bima inapokelewa, daktari hayupo. Wakaenda ya tatu: daktari yupo, bima inapokelewa, lakini daktari ni wa meno. "Basi afunue mdomo nimtazame," akasema yule daktari, maana siku hiyo hakuwa na mgonjwa hata mmoja.

Mwanakheri akarudi nyumbani akakaa kibarazani akalia. Akasema mbele ya mumewe, mbele ya mama mkwe wake Bi Nunu, na mbele ya wifi yake Saumu: "Atakayenifikisha kwa daktari wa akina mama, wa hapa hapa mjini, anayepokea bima, huyo ndiye atakuwa somo wa mwanangu. Mtoto atabeba jina lake." Mnajua wenyewe uzito wa kuwa somo. Watatu wale wakatazamana, na kila mmoja akajiona keshashinda.

Bi Nunu akavaa kanga zake akatoka. Kwa Bi Nunu, habari ya kweli haipatikani dirishani kwa mhudumu. Inapatikana msibani, kwenye sufuria, wanawake wanapomenya vitunguu. Akaenda msiba wa mtu asiyemjua. Akamenya, akasikiliza, akalia kidogo, hakusikia kitu. Akaenda msiba mwingine. Akamenya, akasikiliza, akalia zaidi, hakusikia kitu. Akaenda wa tatu, wa mzee mmoja muuza samli, na huko alilia mpaka mjane akanyamaza kumtazama.

"Bibi, marehemu alikuwa nani wako?"

"Tulipendana tu kama binadamu," akajibu Bi Nunu, akaomba kisu.

Na hapo, katikati ya vitunguu, mwanamke mmoja akasema: "Si kuna Daktari Nyamizi, nyuma ya mashine ya kusaga? Bingwa wa akina mama, na bima anapokea. Lakini Jumatano tu, na wanaowahi tu." Bi Nunu akaruka akapiga kigelegele msibani. Alipoona wote wamemgeukia, akaona aibu, na ili kuiondoa aibu akawatangazia msiba mzima: daktari yupo, bima inapokelewa, Jumatano! Mwenye mimba akasikia, mwenye binti mwenye mimba akasikia. Jumatano ilipofika, foleni ilianzia mlangoni kwa Daktari Nyamizi ikazunguka mashine ya kusaga.

Shebe alikuwa amewahi alfajiri. Kliniki ile watu hupanga kandambili zao kwenye mstari, kisha hukaa kivulini kusubiri. Shebe naye akapanga zake. Wanawake wakazitazama, kubwa, pana, zimelowa mafuta ya kupikia.

"Hii ni foleni ya wajawazito," akasema mmoja. "Kiatu cha mwanamume hapa hakina zamu. Ukitaka zamu, simama mwenyewe."

Akasimama mwenyewe. Akasimama jua likachomoza, akasimama jua likapanda. Akabebeshwa watoto wa watu. Akaulizwa kama naye anatamani udongo. Huko shuleni uji ukaungua, maharage yakaungua, na mwalimu mkuu akaapa kwamba Shebe akikosa tena kazini siku moja, kazi hana. Na kazi ikienda, bima nayo inaenda. Shebe alilijua hilo, na hakusogea.

Zamu ikakaribia, na Mwanakheri akaja ameongozana na Saumu. Lo, alivyopendeza! Saumu alikuwa amempamba tangu jana, kwa sababu kwa Saumu mwanamke hapelekwi kwa bingwa kama anayekwenda kuchota maji. Alimfukiza udi, akamsuka, kisha akamtia piko vidoleni, nyeusi tititi, kila ncha ya kidole.

Mhudumu wa mapokezi akapokea kadi. "Weka kidole hapa kwenye mashine." Mwanakheri akaweka. Mashine ikakataa. "Weka kingine." Ikakataa. Vidole kumi vikapita, na mashine ikavikataa vyote, maana piko ilikuwa imefunika alama zote.

"Bila alama ya kidole bima haifanyi kazi," akasema mhudumu. "Anayefuata!"

Mwanakheri akaegemea ukuta, kashika tumbo. Saumu alipomwona hivyo, akajifunga kanga kiunoni. Akakimbilia kwa mama ntilie wa jirani akarudi na ndimu, majivu na gunzi la mahindi. Akapiga magoti mbele ya wifi yake akasugua. Akasugua mpaka mikono yake mwenyewe ikachubuka na ndimu ikamchoma, machozi yanamtoka, haachi. Na Shebe naye akakaa chini mlangoni kwa daktari, miguu kaitandaza.

"Zamu ni yetu. Hapiti mtu."

"Wewe baba, una miezi mingapi?" wakamzomea.

"Tisa," akajibu Shebe, na kwa alivyochoka, hakuna aliyebisha.

Mwishowe kidole gumba cha kushoto kikatakata kidogo. Mashine ikafikiri, ikafikiri, ikakubali. Foleni nzima ikashangilia.

Daktari Nyamizi akampima. Uso wake ukabadilika, akasema, "Mama, leo hii unalazwa. Ungengoja uchungu uanze, sijui tungekuwa tunazungumza nini." Akampasua, akamtoa mtoto wa kike, mzima, anayepiga kelele kuishinda mashine ya kusaga.

Siku ya saba pilau ikapikwa, na Shebe hakuiunguza. Kabla watu hawajanawa, kesi ikaanza.

"Mimi ndiye niliyempata daktari," akasema Bi Nunu. "Nimewalilia maiti nisiowajua. Bila mimi mngekuwa mpaka leo kwa yule wa meno. Mtoto ni Nunu."

"Mama, foleni ile ndefu umeileta wewe na kigelegele chako," akasema Saumu. "Mimi ndiye niliyeifanya bima ikubali. Tazameni mikono yangu. Mtoto ni Saumu."

"Piko alimtia nani?" akauliza Shebe. "Mimi ndiye niliyeshika zamu. Bila zamu, daktari aliyempata mama na kidole alichokisugua Saumu vingesaidia nini? Mtoto ni Shebe."

"Binti aitwe Shebe binti Shebe?" akashangaa mama yake.

"Aitwe. Nimesimama foleni ya wajawazito, sioni aibu tena. Na nani kati yenu alikuwa tayari kupoteza kazi?"

Wakamgeukia Daktari Nyamizi, aliyealikwa, awaamulie. Daktari akaangalia sahani yake. "Mimi napokea bima," akasema. "Kesi za majina sipokei."

Wakamgeukia Mwanakheri. Mwanakheri akamkumbatia mwanawe. Kila alipomtazama mmoja, alimpenda. Kila alipofungua mdomo, aliufunga. Akalia, na safari hii alilia kwa furaha na kwa kuchanganyikiwa, vyote pamoja.

Kesi ikaahirishwa. Lakini leo asubuhi mtoto ameanza kukohoa. Shebe kaomba ruhusa, safari hii kaomba vizuri, kaenda ofisi ya bima ili mtoto aingizwe kwenye kadi. Karani kamwambia, "Bila jina, haingii." Shebe yupo pale dirishani anajikuna kichwa, Mwanakheri nyumbani anamsikiliza mtoto kifua, na karani ameanza kukusanya vitu vyake afunge.

Basi wewe mwenye karanga, na nyinyi wengine, semeni upesi: aliyempata daktari, aliyeifanya bima ikubali, au aliyeishika zamu? Je, mtoto huyu abebe jina la nani?