Tumbili Wote Sura Moja

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmemeza ugali wa moto? Paukwa!

Pakawa!

Haya, mmeamka. Hapo zamani za kale, bibi yako bado ana meno, palikuwa na nyani na tumbili. Nyani walikuwa na mkuyu wao kando ya mto. Tumbili waliruhusiwa kuokota yaliyodondoka. Chini tu! Juu ni kwa wenyewe.

Mkubwa wa nyani alikuwa Mzee Bambo. Majivuno, jamani! "Nyani yeyote ageuke, nione matako tu, nitamtaja jina na ukoo." Na kweli aliwataja. Lakini muulize kuhusu tumbili, anacheka. "Aa, wale! Wote sura moja."

Kikaja kiangazi kikali. Makuyu yakabaki ya kuhesabika. Asubuhi moja mke wa Bambo akamweka bintiye mchanga, Kichuna, kwenye panda ya mti, akashuka kunywa maji. Huku nyuma akapanda tumbili. Akachuma, chwi! chwi! chwi! Akambana mtoto pua, nyaku! Akatoweka.

Mama akapiga yowe. Nyani wakaja mbio, vumbi vuu! Wakamkamata tumbili wa kwanza kumwona, Bi Sikudhani, mwanawe kifuani, anaokota makapi.

"Ndiye huyu!"

"Ndiye mimi nini? Baba, nimefika sasa hivi!"

Bambo akamuuliza mkewe, "Ulimwonaje?"

"Uso mweusi, nyusi nyeupe."

"Si ndiye huyo!"

Uso mweusi, nyusi nyeupe! Nionyesheni tumbili asiye nao, nimpe shati langu.

"Afukuzwe, aende jangwani," akasema Bambo.

"Baba, kule hakuna maji. Mimi na mwanangu tutakufa."

"Mtakufa na adabu zenu."

Tumbili wenzake wakaja kumwombea. Wakajipanga. Kichuna yuko mgongoni kwa mama, macho kodo. Akamtazama Bi Sikudhani. Kimya, ananyonya kidole. Akamtazama wa pili. Kimya. Akafika kwa mmoja aitwaye Makeke.

"Ngaaaa!" Kashika pua!

Wakamgeuza, kimya. Wakamrudisha kwa Makeke, "Ngaaaa!" Makeke akashtuka, kinywa wazi, makuyu yakamwagika kutoka mashavuni, pwa! pwa! pwa! Akatimua mbio vichakani.

Bi Sikudhani akaachiwa. Samahani? Thubutu! Bambo akasema, "Hata mimi nilishamshuku yule." Mwongo mkubwa!

Kichuna akakua. Kila siku akafundishwa: huyu shangazi, yule binamu, huyu amenuna, yule anakuchekea kinafiki. Sura za nyani akazijua zote. Za tumbili nani amfundishe? Nani alikuwa na haja? Yale macho ya utotoni yakalala fofofo.

Bambo akafa, Kichuna akawa mkubwa wa nyani. Kiangazi kikarudi. Makuyu yakaibwa tena, na kitoto cha Kichuna kikabanwa pua. Nyani wakamkamata tumbili mmoja, kikongwe. Bi Sikudhani!

"Kichuna mwanangu, ni mimi. Ulinitazama ulipokuwa mchanga, ukaniokoa."

"Nilikuokoa wewe au mwenzio? Nyie wote sura moja. Jangwani!"

Mgongoni mwake kitoto kikamtazama tumbili mnene aliyesimama kando. "Ngaaaa!"

"Nyamaza! Wakubwa tunahukumu." Akakifunika uso kwa kiganja.

Bi Sikudhani akaenda, polepole, peke yake. Hakurudi.

Yule mnene akainama, mashavu yamemvimba. "Umehukumu haki, mama."

Kichuna akafurahi. "Una adabu wewe. Kuanzia leo utatulindia mkuyu."

Mnamjua alikuwa nani? Makeke! Yule yule aliyemliza Kichuna akiwa mchanga!

Mafunzo yake haya hapa, wakubwa msijifanye mmesinzia. Mtoto mchanga hutofautisha hata sura za wageni. Akikua akizoea za kwao tu, huyapoteza macho hayo, na bado hujiona mjuzi. Ukisema "wale wote sura moja", kasoro haiko kwenye sura zao. Hujajisumbua kuwatazama, na kwa uvivu wako mtu asiye na hatia anaumia.

Hadithi yangu naitua hapo. Aliyechomwa ajikune, na uso wangu aukariri.