Kifurushi Chekundu Chini ya Kizingiti

Walikuwepo Mkasi, Riziki na Kombo, na mama yao aliyekuwa akimenya muhogo kando ya moto.

"Paukwa, nyie wa mekoni!"

"Pakawa, tuko macho!"

Hapo kale, ng'ambo ya bahari kubwa, palikuwa na kisiwa cha watu wa Gula. Babu zao walitekwa huku Afrika wakapelekwa utumwani, lakini hawakusahau kulima mpunga wala kusuka vikapu. Humo aliishi mama mmoja, Bina. Mwanawe mchanga alishikwa na homa, ikakataa kushuka. Asubuhi moja, homa ikaisha.

"Alhamdulillahi!" akasema Kombo.

Ngoja. Siku hiyohiyo nguruwe akafukua chini ya kizingiti cha Bina, akatoa kifurushi chekundu. Watu wakaruka nyuma. Kila mtu alijua: kifurushi cha namna hiyo hutiwa nywele za mtu anayepelekewa ugonjwa. Na kila mtu alijua hakifunguliwi, hutupwa majini.

"Kitambaa hiki ni cha kilemba cha Bi Suki!" akapaza sauti Kajo, mzee wa kanisa. "Ndiye aliyemroga mtoto. Maji yakijaa, tumpakie mashuani aende zake."

Bi Suki mwenyewe, jirani mzee wa Bina, alikuwa kitandani, mgonjwa. Bina moyo ukamwuma. Si Bi Suki huyo aliyemkanda alipojifungua, akamletea uji bila kuitwa? Akakichukua kifurushi. "Niachieni mpaka maji yajae."

Akauendea mlango wake. "Mlango, mlango, wewe uliyekuwepo, nani alikuja, na kwa nini?"

"Alikuja Bi Suki. Mizuka ikiona buluu yangu hudhani ni maji, haivuki. Rangi ilibanduka pembeni, akanipaka kwa kidole chake."

"Mchawi gani huyo anayeziba njia ya mizuka?" akacheka Riziki.

Maji yakapanda. Bina akauendea mti wa uani, uliotundikwa chupa matawini. "Mti, mti, wewe uliyekuwepo, nani alikuja, na kwa nini?"

"Alikuja Bi Suki. Mizuka hunasa ndani ya chupa zangu. Moja ilipasuka, akatundika ya kwake. Alikuwa akilia."

Maji yakapanda tena. Bi Suki alikwishatolewa nyumbani, amebebwa ndani ya shuka lake. Bina akakiuliza kifurushi: "Wewe uliyekuwepo, nani alikuja, na kwa nini?"

"Utanisikiaje nami nimefungwa mdomo? Nifungue!"

"Usifungue!" akapiga kelele Mkasi.

Bina akalishika fundo. Akafungua. Ndani mlikuwa na nywele, nyeupe pe!

Akakimbia pwani, akamkuta Bi Suki amekwishapakiwa mashuani. "Mzee Kajo! Mwanangu ana mvi?"

Kajo akakitazama kichwa cha Bi Suki. "Bi Suki... homa ya mtoto uliiita kwako?"

"Sasa ningeipeleka kwa nani?" akasema Bi Suki kwa sauti ndogo. "Mimi wali nimekula wa kutosha. Yeye hata meno hana."

Bina akapiga magoti mchangani. "Ahsante, bibi. Ahsante sana." Naye Kajo akavua kofia, akamshusha kutoka mashuani kwa mikono yake mwenyewe.

Basi, wanangu, kabla hujamwita mtu mbaya, kumbuka mema aliyokutendea, kisha uliza. Hapa ndipo ninapoitua hadithi yangu.

Bi Suki alipona wakati wa mavuno ya mpunga, akahamia kwa Bina.