Vifuniko Sita vya Kifaru

Paukwa!

— Pakawa.

Kuna lori!

— Liko wapi?

Limekaa chini!

— Nani kalikalisha?

Basi nyamazeni niwaambie. Na wewe uliyeko nyuma, acha kutafuna muhogo sikioni mwa mwenzio.

Hapo zamani, si zamani sana maana malori yalikuwepo, wanyama waliishi kando ya ziwa la magadi. Kati yao alikuwepo Nguchiro, fundi wa pancha. Alikuwa na pampu moja, jeki moja, plaizi moja, mke mmoja na watoto saba. Na alikuwepo Kifaru, mwenye pembe mbele na lori nyuma. Macho ya Kifaru hayakufika mbali. Mtu akisimama hatua kumi kutoka kwake alimwona kama kichaka. Kitu pekee alichokiona vizuri ni kile kinachong'aa.

Mwaka huo mtama ulikubali. Wanyama wakavuna, wakala, wakatenga magunia ya mbegu ya kupanda mvua zikija. Msiniulize tangu lini nguchiro anakula mtama. Mwaka huo nyoka walikuwa wamehama.

Kifaru akaja shambani na lori lake, vruu, vruu, akasema atawabebea magunia mpaka kijijini, bure. Wanyama wakashukuru, wakapakia wenyewe, wakapanga vizuri kabisa. Walipofika kijijini Kifaru akashuka, akasimama kando ya lori, akasema, "Kilichopanda lori langu ni changu."

Wakadhani ni utani. Akasema tena, "Kilichopanda lori langu ni changu. Ndiyo sheria." Nani angebishana na ile pembe? Wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kifaru akatangaza kwamba mvua zikikaribia atavuka mlima akauze mbegu zote kwa wageni wa huko, ambao walikuwa na njaa na hawakuwa na maswali.

Nguchiro alilala na ile sheria kichwani. Mvua zilikuwa mbali miezi miwili. Zikija bila mbegu, hakuna kupanda. Bila kupanda, hakuna kula, na wale watoto saba hawakuwa wamezoea kusikia neno hakuna. Aliogopa, naye hakumficha mkewe kwamba ameogopa. Mkewe akamwambia kuogopa ni bure, hakuna anayekutoza, lakini ukimaliza uamke ufanye kazi.

Akaamka. Akafungua sanduku lake la vyuma chakavu, akatoa vifuniko sita vya vali, vya chuma. Mnavijua? Vile vidude vinavyokaa kwenye ncha ya vali ya tairi ili vumbi lisiingie. Vya plastiki ni vyeusi, vibaya vya sura, havina makuu. Vya chuma vinapendeza. Ila Nguchiro alikuwa na ugomvi navyo wa siku nyingi, maana vikikaa kwenye magadi vinashikana na vali kwa kutu, na kukitoa kimoja kulimgharimu asubuhi nzima na jino.

Akavisugua kwa majivu. Akavisugua kwa ukwaju. Akavisugua kwa kanga ya mkewe, jambo ambalo mkewe alilijua baadaye. Vikang'aa, akavitundika kwenye uzi mlangoni pa banda lake.

Kesho yake Kifaru akaja kuongeza upepo, vruu, vruu, na magunia yote mgongoni mwa lori, kwa sababu hakumwamini mtu. Kila siku alikwenda nayo ziwani kugaagaa kwenye tope, akarudi nayo. Nguchiro akamwamkia, "Shikamoo, mzee." Kifaru hakuitika. Alikuwa ameona kitu.

"Hivyo vinavyong'aa ni nini?"

Nguchiro akavifunika kwa mkono, akasema ni takataka tu. Kifaru akasogea. Nguchiro akasema basi, ni vifuniko vya vali, ila vimewekwa kwa ajili ya gari la mtu mkubwa. Kifaru akauliza kuna mkubwa gani kumshinda yeye. Nguchiro akamsihi achukue pampu, achukue hata banda, ila hivyo amwachie. Kwa hiyo Kifaru akavichukua.

Hapo Nguchiro akafanya jambo ambalo wajanja wengi hawalifanyi. Akasema kweli tupu.

"Mzee, chuma na magadi havielewani. Kila jioni vifungue uvifute. Na ukifunga, funga polepole, kwa vidole viwili tu."

"Mimi sina polepole," Kifaru akasema.

Nguchiro alijua atasema hivyo. Mtu asiyesikia la mdogo, mdogo akitaka apotee humwonyesha njia sahihi.

Kifaru akang'oa vile vya plastiki, akavitupa. Akafunga kimoja, kri, kri, kri, akakaza. Akafunga cha pili, kri, kri, kri, akakaza. Akafunga vyote sita namna hiyo, akaondoka huku akigeuka kutazama magurudumu yake, akagonga mti. Nguchiro akaokota vile vyeusi, akavitia kwenye kopo. Siku hiyo mkewe alimwambia maneno ambayo siwezi kuyasema mbele ya watoto, maana aliona mumewe amenyang'anywa mbegu na sasa anagawa mpaka vyombo vya kazi.

Kifaru akaenda ziwani, vruu. Tope la magadi likaruka, pwaa, likakaa kwenye vifuniko. Akarudi, vruu. Likakauka. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa, na mtondo. Ule mng'ao ukafa, vifuniko vikaota ukungu mweupe, kisha kutu nyekundu. Miezi miwili ikapita hivyo.

Siku moja mawingu yakasimama juu ya mlima. Kifaru akawasha lori aende kuuza mbegu. Lori likaenda hatua chache, likaanza kupepesuka. Tairi hupungua upepo hata zikikaa tu, na hizi zilikuwa zimebeba mtama wa kijiji kizima. Akajikokota mpaka kwa Nguchiro, akaagiza zijazwe upesi.

Wanyama walipoliona lori limesimama, wakaja wakasimama mbali kidogo. Kifaru aliwaona kama vichaka.

Nguchiro akainama, akashika kifuniko cha kwanza. Hakikusogea. Akashika kwa kitambaa. Hakikusogea. Akasema kimeshikwa na kutu, kipakwe mafuta, kilale, kesho kitaachia chenyewe. Mpaka kifunguke, upepo hauna pa kuingilia.

"Kesho mvua itakuwa imenyesha na bei imekufa," Kifaru akasema. "Lete plaizi."

"Polepole, mzee."

"Mimi sina polepole."

Akabana, akazungusha. Kri. Kri. Tap. Kifuniko kikatoka na shingo ya vali ndani yake. Psssssss. Tairi likalala.

Kifaru akasema plaizi ndiyo mbovu. Akaenda tairi la pili aonyeshe inavyofanywa.

"Polepole, mzee."

"Mimi sina polepole."

Kri. Kri. Tap. Psssssss.

La tatu, kri, kri, tap, psssssss. Alisema mkono uliteleza. La nne, alisema jua lilimpiga machoni. La tano hakusema kitu. La sita alilifungua kwa hasira tu, maana mtu akishavunja matano, la sita linamcheka. Lori likakaa chini kititi, kama kuku anayeatamia.

Nguchiro akalizunguka. Akatikisa kichwa kama daktari. Akasema vali zote ni za kubadilisha, na ili tairi zitoke lazima lori liinuliwe kwa jeki, na jeki yake inaweza lori, lakini haiwezi lori pamoja na magunia.

"Basi shusheni magunia," Kifaru akasema.

Mnasikia? Alisema mwenyewe, kwa kinywa chake.

Vile vichaka vikasogea. Digidigi akashusha gunia lake. Nungunungu akashusha lake. Wakashusha yote mpaka la mwisho, lililokuwa la Nguchiro. Mkewe alilishika mapema, akalikalia.

Kifaru akauliza kwa nini vichaka vinatembea na magunia.

"Mzee," Nguchiro akasema, akirudi nyuma hatua moja, maana pembe ilikuwa karibu, "sheria ni yako. Kilichopanda lori lako ni chako. Haya yameshuka."

Kifaru akainamisha kichwa kufikiri. Sheria ilikuwa yake kweli. Akaitafuna upande huu, akaitafuna upande ule. Wakati anaitafuna, magunia yalikuwa yakiondoka, chakacha, chakacha, kila moja na njia yake. Alipoinua kichwa hatimaye ili akasirike, hakuona mtu wa kumkasirikia. Aliona majani tu, na hatua mbili mbele yake vifuniko sita, vimepangwa juu ya jiwe, vimesuguliwa upya kwa kanga ileile.

"Vyako hivyo, mzee," ilisema sauti ya Nguchiro kutoka mbali. "Hakuna aliyekuibia."

Kifaru akavihesabu, vilikuwa sita. Akakaa karibu navyo avilinde. Mvua ikamkuta hapo. Mashambani watu walikuwa wakipanda, na mke wa Nguchiro aliimba mpaka sauti ikamkauka, ingawa ile kanga hajaisamehe mpaka leo.

Hadithi yangu imeishia hapo, upepo wake umekwisha. Mwenye pampu aongeze.

Na funzo lake, wanangu, ni kwa wenye malori kama Kifaru. Kifuniko kiwe cha chuma. Kikaze kwa nguvu zako zote. Ukipewa ushauri na fundi mdogo, usimsikilize hata kidogo.

Sisi wengine tunahitaji mbegu.