Nati Orijino ya Mbonea

Nati iliyochoka haikazwi. Ndivyo Katibu alivyosema jana kwenye mazoezi ya kwaya, nanyi mmekuja mbio hadi jikoni kwangu kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Namkunda anabisha kwamba ni ya mababu, ya enzi Wapare walipokuwa wakifua chuma. La, mjukuu wangu. Methali hii ni mdogo wako. Ilizaliwa muda mfupi baada ya greda kuchonga barabara yetu, na siku hiyo nilikuwapo, tena niliikalia mwenyewe. Sogezeni magunia mkae, ila msinikalie unga. Methali hii ilianza hivi.

Kijiwe cha bodaboda pale njia panda ya juu kilikuwa na vijana saba, na Mbonea alikuwa nadhifu kuliko wote. Pikipiki yake nyekundu aliiosha kila Ijumaa jioni kabla Sabato haijaingia, akaifuta kwa fulana ambayo wenzake wangeivaa kanisani. Mnyororo aliupaka oili bila kuambiwa. Hata viatu vya breki, vile vipande viwili vinavyobana ndani ya gurudumu la nyuma, alivibadilisha kabla havijaisha. Ukimwuliza mtu yeyote kijiji kizima nani anatunza chombo chake, atakutajia Mbonea.

Lakini kulikuwa na nati moja. Breki ya nyuma huvutwa na chuma chembamba kirefu kinachotoka kwenye pedali ya mguu hadi gurudumuni, na kule mwisho chuma hicho hushikwa na nati. Ukiikaza nati, breki inakuja juu, ukiilegeza, inalala. Nati ya Mbonea ilikuja na pikipiki kutoka kiwandani, naye alikuwa ameikaza na kuilegeza kwa miaka minne, mpaka meno yake ya ndani yakawa laini kama fizi za mtoto mchanga.

Fundi Kajiru, mwenye kibanda pale kona ya tatu ya mteremko, alimwambia bila kumung'unya. "Nati ikikubali kuzungushwa kwa vidole mpaka mwisho bila kugoma, hiyo imechoka. Spana haiwezi kuirudishia meno. Ni kama pini ya ekseli: ukishaikunjua, huikunji tena. Toa, tupa, weka mpya."

Mbonea akacheka. "Fundi, hii ni orijino."

Miaka ile vijana walilitamka neno hilo kama amina. Kitu cha dukani kilikuwa feki, kilichotoka kiwandani kilikuwa orijino, na nati orijino iliyokufa iliheshimiwa kuliko nati mpya iliyo hai. Mbonea alikuwa na dawa yake. Nati ikiteleza, aling'oa uzi wa kiroba, akauzungushia kwenye chuma, akaikazia nati juu yake. Ilishika mpaka uzi ulainike, kisha aling'oa mwingine.

Basi Mbonea huyu alimpenda Nakiete, binti wa kaka yangu Elinihaki. Nakiete naye alimpenda, na hilo nalijua kwa sababu maneno yao yote yalipitia kwangu. Katika ukoo wetu wazee wanaweza kula, kunywa na kukubaliana kutwa nzima, lakini shangazi wa binti asipotamka "nimeridhika," posa haijakaa. Shangazi mwenyewe ni mimi.

Kikao kilipangwa Jumapili nyumbani kwa kaka, chini kabisa ya mteremko, jirani na kituo cha kukusanyia tangawizi. Mimi naishi huku juu. Kwa desturi mwoaji hukaa kwao siku hiyo, mshenga ndiye humsemea. Mbonea hakutaka kukaa. Alinijia asubuhi akiwa amevaa shati jeupe, pikipiki inang'aa mpaka naona meno yangu kwenye tangi.

"Shangazi, nitakupeleka mwenyewe," akasema. "Leo utajua unamkabidhi nani mtoto wako."

Niliona vizuri, maana nilitaka kujua. Nikavaa kitenge kipya, nikabeba mwavuli pamoja na tetea wa kumpelekea kaka, nikapanda na kukaa upande kama heshima inavyotaka.

Pale mteremko unapoanza, akazima injini. Vijana wa mlimani wanaamini mteremko ni petroli ya Mungu, ni dhambi kuwasha yako. Wana imani ya pili pia, kwamba breki ya mbele humrusha mtu juu ya usukani, kwa hiyo waya wake Mbonea alikwisha kuuchomoa. Tukabaki na breki moja, na breki hiyo ikategemea nati moja. Mimi sikuyajua hayo. Nilikuwa nikisifia upepo.

Kona ya kwanza alikanyaga pedali, pikipiki ikasimama kwa kusitasita. Akashuka, akainama nyuma ya gurudumu.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, Shangazi. Nimeikaza."

Kona ya pili tulisimama baada ya kuwa tumekwisha kuipita. Safari hii aling'oa uzi kutoka kwenye kiroba nilichomfungia tetea.

"Hii nati inakazwa mara ngapi?" nikauliza.

"Usihofu, Shangazi. Ni orijino."

Sikujua maana yake, lakini alilisema kwa sauti ya mtu anayeapa, nami nikanyamaza. Mpaka leo najilaumu kwa kunyamaza kule, maana mdomo wangu hauna mazoea hayo.

Kabla ya kona ya tatu nikasikia kitu kimelia "ting!" barabarani. Fundi Kajiru alikuwa ameketi nje ya kibanda chake akinywa uji. Hakuuliza chochote. Aliinuka na kikombe chake, akapiga kelele, "Nati!" nasi tukampita.

"Mbonea, simama!"

"Tunasimama, Shangazi!"

"Tunasimama wapi?"

"Huko mbele!"

Alishusha miguu yote miwili, ndala zikabaki nyuma moja baada ya nyingine. Mimi nikafungua mwavuli. Msiniulize kwa nini. Mtu akiogopa hutumia alichonacho. Mwavuli uligeuka nje ndani, tetea akapata mwanya, akaruka akaenda zake. Yeye peke yake alikuwa na mbawa, na aliamua mapema.

Nyumbani kwa kaka walikuwa wamefunga turubai mbele ya nyumba, karibu kabisa na barabara. Wazee walituona tunakuja, wakasimama kutupokea. Mzee Mgonja, mshenga, akavua kofia. Tukawapita.

"Kaka, nakuja!" nikamwambia Elinihaki, na nikampungia mkono, maana sikuona neno jingine la kusema.

Tulisimama kwenye kituo cha tangawizi, ndani ya rundo la tangawizi lililokuwa likingoja kupimwa. Wapo watu wanaodhani rundo la tangawizi ni laini. Hao hawajawahi kuliingia kwa mwendo ule. Wiki nzima baadaye nilinukia chai.

"Shangazi, umeumia?" Mbonea akauliza. Shati jeupe lilikuwa limekuwa la udongo.

"Sijui bado," nikamjibu.

Akanishika mkono, akanikalisha juu ya gunia, akanifuta vumbi usoni vizuri tu. Kisha akatazama gurudumu la nyuma, akashika kichwa, akapandisha mlima mbio pekupeku. Nikasema moyoni, kijana ana adabu, amekwenda kuita watu wanisaidie.

Watu walikuja, lakini si kwa kuitwa naye. Nakiete ndiye aliyetangulia, akanikokota mpaka kwenye turubai akanifunga kiwiko kwa khanga. Vijana wa kituo wakaikokota pikipiki nyuma yetu. Tetea nilimkuta amefika kabla yangu, anadonoa punje chini ya meza ya wazee. Kikao kikaanza, kwa kuwa chakula kilikuwa kimeiva na watu hawakujua wafanye nini kingine.

Mzee Mgonja alikuwa ameandaa hotuba tangu juzi, na hakuwa na nyingine. Akakohoa, akasema, "Wazee wangu, kijana wetu ni mtulivu. Ni mtu wa kusimama pale anapotakiwa kusimama." Kaka yangu akainamisha uso kwenye kikombe. Wake za majirani wakatoka mmoja mmoja kwenda kuangalia jiko.

Ndipo Mbonea akatokea barabarani, jasho linamtiririka, mkono ameuinua juu.

"Nimeipata!" akapaza sauti. "Nimeipata, wazee! Orijino!"

Nikaelewa kwamba mwoaji wetu aliniacha kwenye tangawizi akaenda kutafuta nati. Nilikasirika sana. Nilikasirika kuliko nilivyokuwa nimeogopa njiani.

Nakiete alinyanyuka. Binti hasemi kwenye kikao cha posa yake, naye hakusema kitu. Aliichukua ile nati mkononi mwa Mbonea, akaenda ilipoegeshwa pikipiki, akaivisha kwenye kile chuma cha breki. Hakuizungusha. Iliingia tu, mbele, nyuma, kama pete ya mtu mnene kwenye kidole cha mtu mwembamba. Akakiinamisha chuma kidogo, nati ikateleza ikaanguka mavumbini. Watu wote waliona.

Mbonea akaja kupiga magoti mbele yangu. "Shangazi, nisamehe. Nimekosa. Safari hii nitaikaza kwa waya."

Nikamtazama Nakiete. Machozi yalimlengalenga, na alikuwa akinitazama mimi, si yeye. Nilijua nikikataa nitamvunja moyo mtoto niliyemlea mgongoni. Nilijua pia nikikubali atateremka mlima ule kila siku nyuma ya nati ile, leo yeye, kesho na mtoto mgongoni. Moyo uliniuma, na kiwiko kiliniuma, na vyote viwili vilinisaidia kusema.

"Mwanangu," nikamwambia, "nati iliyochoka haikazwi. Fundi alikuambia, ukakaza. Kona ya kwanza ukakaza. Kona ya pili ukakaza kwa uzi wa kiroba changu. Sasa umenimwaga kwenye tangawizi, na unachoniahidi ni kukaza tena. Samahani yako nimeisikia, ni nzuri, lakini nayo imekuwa kama nati yako, inazunguka bila kushika. Sikukatai. Ila neno langu sitampa mtu anayekaza. Nitampa mtu anayebadilisha."

Mbonea akabaki amepiga magoti. Aliiokota nati, akaipuliza vumbi, akaitazama muda mrefu, nami naapa nilimwonea huruma, maana alikuwa anaiaga. Nakiete akanyoosha kiganja. Mbonea akamwekea nati kiganjani, akainuka, akapanda mlima kwa mara ya pili siku hiyo.

Alirudi na Fundi Kajiru mwenyewe, na nati mpya, na waya mpya wa breki ya mbele. Walifanya kazi mbele ya wazee, na pilau ikasubiri. Nati mpya iliingia vizuri mwanzoni, kisha ikagoma, ikadai spana.

"Isikieni inavyogoma," Fundi akasema kwa furaha kubwa. "Hiyo ndiyo nati."

Mbonea akanigeukia. "Shangazi, panda tujaribu."

Watu wote wakanitazama. Nikasema, "Mwenye kumsemea kijana ni mshenga. Apande mshenga."

Mzee Mgonja hakuwa na pa kukimbilia. Wakasukuma pikipiki mpaka kona ya tatu, na tulipowaona wanateremka, injini inanguruma kama inavyotakiwa, mzee alikuwa akiimba ule wimbo tunaouimba makaburini. Alifika ubeti wa pili. Pikipiki ilisimama mbele ya turubai taratibu, pale pale anapotakiwa mtu kusimama, na kofia ya mshenga haikutikisika.

"Nimeridhika," nikasema. Nakiete akapiga vigelegele vyake mwenyewe, jambo ambalo halifanywi, na hakuna aliyemkataza.

Katibu wenu alikuwa miongoni mwa wazee siku hiyo, ndiyo maana anaijua methali. Na jana hakukosea kuitoa. Mwalimu wenu wa kwaya ameruka mazoezi mara tano, na mara tano amesimama mbele yenu akasema kwa sauti yake tamu kwamba atajirekebisha, nanyi mkampigia makofi. Makofi yenu ndiyo uzi wa kiroba. Mwacheni aimbe, sauti anayo, lakini kazi ya ualimu mpeni mtu mwingine. Nati iliyochoka haikazwi.

Unauliza, Namkunda, nati yenyewe ilikwenda wapi? Nakiete aliiweka kwenye kopo la vifungo. Mbonea akitamka "nitarekebisha" mara ya nne kwa jambo lile lile, huikuta mezani kando ya sahani yake, na mkewe hasemi neno. Siku hizi imekosa kazi, kwa hiyo amenipa mimi. Ngoja niifungue hapa kwenye pindo la khanga. Haya, ishike. Kesho kwenye mazoezi mwekeeni mwalimu juu ya kitabu chake cha nyimbo, nanyi msiseme kitu.

Lakini mnirudishie. Hiyo ni orijino.