Mwamba Uliofungwa

Wahenga waliponena kwamba mficha uchi hazai, walimaanisha kuwa mwenye shida akiona haya kuisema hawezi kusaidiwa, hata akizungukwa na watu mia wenye moyo wa kusaidia. Watoto wa shule huiandika methali hii madaftarini, wakatiwa alama ya vyema, kisha wakishakuwa watu wazima huisahau. Jabir naye aliisahau. Iliyomkumbusha ni bahari ya Wambaa, mchana kweupe, na nusura imkumbushe kwa msiba.

Jabir alikuwa mtu wa bara, mzaliwa wa Dodoma, mwenye kazi yake nzuri Dar es Salaam. Mkewe Khairat alikuwa Mpemba wa Wambaa. Likizo ya Juni mwaka huo, Jabir alikodi gari Chake Chake, akafunga mahema juu ya paa, akamchukua mkewe na binti yao wa pekee, Asya, wakaizunguke pwani ya Pemba na kulala ufukweni popote jua litakapowachwea. Walianzia Tumbe, wakashuka hadi Wete, na kila walipopiga kambi Jabir aliapa kwamba kitoweo cha siku hiyo atakivua kwa mkono wake. Kila siku alirudi mikono mitupu, wakanunua samaki kwa wavuvi. Asya, mwenye miaka kumi na mmoja na ulimi mwepesi, akawa anamwita baba yake "nahodha wa sokoni." Jabir alicheka, lakini neno lile lilimwingia kama mwiba wa samaki kooni.

Walipofika Wambaa, Khairat alimsihi wasipige hema, maana kulala turubaini na nyumba za jamaa zipo ni kuwatukana jamaa. Jabir hakukubali. Mzee Shaame, mjomba aliyemlea Khairat na kumwoza, alilitazama hema lile akatikisa kichwa.

"Nkwe wangu alala uwanjani kama askari," alisema. "Haya, kila ntu na raha yake. Ila nna neno moja. Mwamba wa Shungi umefungwa. Tumewaachia pweza wakue. Jumamosi twafungua, sote tuingie pamoja. Kabla ya hapo haendi ntu, hata awe mwanangu wa kumzaa."

Mzee Shaame ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wavuvi. Aliyekamatwa mwambani husimamishwa mbele ya watu siku ya kufungua, pweza wake mkononi, na kisa chake husimuliwa harusini mpaka wajukuu zake waoe. Jabir aliitikia, "Nimesikia, mjomba," na kweli alikuwa amesikia.

Alhamisi asubuhi Khairat alikwenda kuwasaidia wanawake wa nyumbani kupika. Yalikuwa maji ya bamvua, yale ambayo hukauka sana na kujaa sana. Bahari ilikuwa imerudi mbali, na mkondo unaotenga ufukwe na mwamba ulivukika kwa maji ya kifundo cha mguu. Jabir alichukua ufito wa chuma, akamwambia Asya, "Twende ukamwone nahodha."

Mwamba ulikuwa nyuma ya rasi ya mikoko, hauonekani kutoka kijijini. Ulizungushiwa vijiti vyenye vitambaa vyekundu.

"Baba, si hapa ndipo Babu Shaame aliposema pamefungwa?"

"Mmoja tu, mwanangu. Nani atajua?"

Haukupita muda mrefu. Jabir aliona shimo lenye makombe yamelundikana mlangoni, akachokoa, na pweza akajizungusha kwenye ufito. Asya alipiga kelele za furaha. Jabir hakuwahi kujiona baba kama alivyojiona dakika ile. Wakamtia pweza kwenye begi jekundu la Asya, na hapo ndipo Jabir alipoinua macho akamwona Mzee Shaame na Hudhaifa, mlinzi wa mwamba, wakija kwa mbali pembeni mwa mikoko.

Aliinama haraka. Alimvuta Asya nyuma ya jiwe kubwa.

"Jikunyate hapa. Usisimame, usiite, na begi usiliachie. Nikawazuge kidogo, kisha nitarudi kukuchukua."

"Utachelewa?"

"Sichelewi."

Alivuka mkondo, akawakuta ufukweni, akaamkia kwa adabu. Mzee Shaame alimtazama suruali.

"Mbona umerowa, nkwe?"

"Nilikuwa naosha miguu."

"Hata chai hujanywa! Khairat atanambia nini? Njoo."

Akamshika mkono. Na mkono wa mkwe hauponyokwi. Jabir aliketishwa barazani, sinia likaletwa, mkate wa mofa na samaki wa kukaanga na chai ya maziwa. Kila alipotaka kuinuka aliongezewa kipande kingine, na mkwe haliachi sinia la wakweze wakiwa bado wanakula. Mzee Shaame alianza kumhesabia ukoo wa Khairat, nani alimzaa nani, nani alihamia Mtambwe, nani alioa wapi. Jabir aliitikia "naam" na "kumbe." Kati ya nyumba mbili aliweza kuiona bahari. Mchanga uliokuwa mkavu sasa ulikuwa unang'aa. Alipotazama tena, mchanga haukuwapo.

Neno moja lingetosha. "Mjomba, Asya yuko mwambani." Lilimfika mdomoni mara kadhaa, na kila mara alimeza mofa juu yake.

Muadhini alipoadhini Adhuhuri, watu waliinuka kwenda msikitini. Jabir alisema atawafuata, akakimbia pwani. Mkondo ulikuwa umejaa. Aliingia mpaka kifuani, maji yakamnyanyua na kumsukuma kando kama gunia tupu. Hakujua kuogelea. Alijirudisha kwa kushika mizizi ya mikoko, akiwa amekunywa maji ya chumvi, na alipofika kavu akamkuta Khairat amesimama na kanga begani.

"Chakula tayari. Asya yuko wapi?"

Mtu mwingine angesema hapo. Lakini nyuma ya Khairat walikuwa wanaume wakitoka msikitini, Mzee Shaame akiwa mbele yao, na Jabir akauona uso ule uliompa mke kwa heshima. Akaona haya.

"Alikuwa akiokota kombe," alisema, akaonyesha kidole upande usiokuwa wa mwamba. "Kule kusini. Nilidhani amerudi kwako."

Wambaa nzima iliamka. Hakuna aliyeuliza mtoto ni wa nani. Wanawake waliacha vyungu motoni, vijana wakaingia mikokoni, mashua pekee ya mashine iliyokuwa pwani ikang'oa nanga na kuelekea kusini kwa kasi. Jabir alikwenda na waliopita ufukweni kwa miguu. Alikuwa akimwita mwanawe kwa sauti yote mahali alipojua kuwa hayupo. Moyoni alijidanganya kwamba labda Asya alivuka mapema, labda kuna njia nyingine. Kila wimbi lililovunjika miguuni pake lilikuwa limepanda juu kidogo kuliko lililotangulia.

Khairat ndiye aliyesimama. Alimshika mumewe shati kifuani.

"Baba Asya. Watu wote wanatazama kusini. Wewe kila mara unageuka kutazama kule. Mwanangu yuko wapi?"

"Khairat, mimi..."

"Mwanangu yuko wapi?"

Jabir alianguka mchangani mbele ya wakweze, akalia kwa sauti.

"Yuko Shungi! Tulikwenda mwambani. Tulivua pweza. Nilimficha nyuma ya jiwe nisionekane."

Khairat alitoa ukelele ambao waliousikia hawapendi kuuelezea. Mzee Shaame hata hakumtazama Jabir. "Ngalawa!" alinguruma. "Hudhaifa! Shungi, mbio!" Alimpigia simu nahodha wa mashua, ikaita na kuita, lakini mashine ilikuwa ikinguruma huko kusini na nahodha hakusikia. Walisukuma ngalawa kwa mikono, wanaume kwa wanawake. Bi Siti, mvuvi wa pweza aliyekuwa akiusubiri mwamba ule kwa miezi mitatu, aliingia majini na nguo zake zote, akarukia mbele akashika kasia. Jabir alitupwa katikati aonyeshe jiwe.

Walipozunguka rasi, hapakuwa na mwamba. Palikuwa na bahari tu. Vijiti vyote vilikuwa vimezama.

"Jiwe gani?" Bi Siti aliuliza. "Sema, nkwe, jiwe gani?"

"Kubwa... lenye shimo..." Jabir alionyesha maji kwa kidole. "Ya Rabi, lilikuwa hapa."

"Kulee!" alipaza sauti Hudhaifa.

Kitu chekundu kilikuwa juu ya maji. Lilikuwa begi. Chini ya begi kulikuwa na mikono miwili, na kati ya mikono hiyo uso wa mtoto uliotazama juu, maji yakimgusa kidevu. Asya alikuwa amesimama juu ya jiwe kwa ncha za vidole. Bi Siti alijitupa, akamdaka, na wimbi lililofuata likalifunika jiwe na kupita.

Walimlaza ndani ya ngalawa. Midomo yake ilikuwa imekauka na vidole havikutaka kuliachia begi, ikabidi Hudhaifa avifungue kimoja kimoja. Alimwona baba yake, akaanza kulia.

"Nisamehe, Baba. Nilisimama. Ulinikataza nisisimame, lakini maji yalikuja."

Jabir alifunika uso.

Jumamosi watu walipokusanyika kuufungua mwamba, Mzee Shaame alimwambia faraghani, "Yametosha, nkwe. Mungu keshakuhukumu, mie sina la kuzidisha." Lakini Jabir alikataa. Alikwenda akasimama mbele ya watu kwa miguu yake, akasema yote, jinsi alivyovua na jinsi alivyomficha mtoto. Hata ule uongo wa kusini aliusema.

Hakuna aliyecheka. Bi Siti ndiye aliyejibu kwa niaba ya wanawake.

"Pweza tumekusamehe. Ungaliomba, ungalipewa wangu wa kwanza leo, wewe nkwe wetu. Lakini sote tulikuwa pale, na mashua, na mikono. Tulikuwa tayari kufa kwa ajili ya yule ntoto. Kusini ulitupeleka kufanya nini?"

Pembeni, Khairat alikuwa amemkumbatia Asya kwa mikono miwili na hakuinua uso kumtazama mumewe. Naam, mficha uchi hazai, na aliyekwisha kuzaa akiuficha, hukaribia kumzika yule yule aliyemzaa.